Moshi Mlangoni kwa Bonge

Kila jioni, kazi ya Chiriku ilikuwa kuwasha jiko la mkaa. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alimwekea vibanzi vikavu vya mbao, lakini vibanzi vilitaka subira, na wenzake walikuwa wakimwita waruke kamba. Kwa hiyo, mama akiwa kazini, alichukua mifuko ya plastiki na vipande vya mbao zenye rangi ya mafuta, akavitia kiberiti. Moto ulishika mara moja.

Siku moja mvua ilinyesha. Chiriku aliwasha jiko barazani, karibu na mlango wa chumba alimokuwa amelala mdogo wake, Bonge. Moshi mweusi ukaingia ndani. Mama aliporudi, makaa yalikuwa yamekolea na Bonge alikuwa anakohoa, kifua kikipiga filimbi.

Walimkimbiza zahanati, bibi akiwafuata nyuma.

"Amevuta nini huyu mtoto?" nesi aliuliza.

Mama alimgeukia bibi. "Mama, si vumbi la huo ugoro wako? Nimesema mara ngapi?"

"Huu ugoro nilianza kuunusa hata sijakuzaa, na wewe mbona u mzima?" bibi alijibu. Kisha akamtazama Bonge akihangaika kuvuta pumzi, sauti ikamshuka. "Labda ni mimi kweli, mwanangu. Nisameheni."

Chiriku alitazama sakafu.

"Na wewe leo mbona kimya, umelamba gundi?" bibi alimwuliza Chiriku taratibu. "Usiogope, mjukuu wangu. Atapona."

Upole huo ulimchoma kuliko kofi.

"Si bibi," Chiriku alisema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi. Nimewasha jiko kwa mifuko ya plastiki na mbao za rangi. Pale mlangoni."

Nesi hakumgombeza. "Sasa najua tunatibu nini," alisema, akamvisha Bonge barakoa ya hewa. Polepole ile filimbi ikafifia, na Bonge akauliza kama hapo pana chakula.

Mama alimwomba bibi radhi, kisha akamsogeza Chiriku karibu.

"Plastiki na rangi zikiungua hutoa sumu," alisema. "Haraka ilikuwa yako, lakini pumzi iliyokatika ni ya mdogo wako. Na ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mwingine hajabeba lawama yako."

Chiriku aliushika mkono wa bibi, na bibi hakuuondoa.