Twende Nchi Gani?

Mama Povu alikuwa dobi. Kila asubuhi alijaza maji mabeseni matatu. La kwanza la sabuni, la pili la kusuuza, la tatu la kusuuza tena. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa mtaa wa pili. Vidole vyake vilikuwa na mikunjo hata siku za mapumziko. Watoto wa jirani ndio waliompa jina hilo la Povu, naye alilipenda.

Mume wake alikuwa mwoka mikate. Alioka kwa miaka thelathini, kisha mwezi ule akaacha kazi ili apumzike. Wenzake wa tanurini walimpenda. Walimpa zawadi ya tiketi mbili za basi, kwenda na kurudi.

"Nendeni nchi jirani yoyote," walimwambia. "Kwenye milima, kwenye ziwa au kwenye tambarare. Chagueni wenyewe. Ila msafiri kabla mwezi haujaisha, tiketi zisije zikafa."

Mama Povu alijua anakotaka kwenda. Alikuwa amesikia kwamba katika nchi ya milima maji ya moto hutoka ardhini yenyewe. Watu huketi humo wakapumzisha miili yao.

"Nataka kukaa ndani ya maji nisiyofulia kitu," alimwambia binti yake. "Mara moja tu kabla sijafa."

"Mama, acha habari za kufa. Tushike habari za safari," binti akasema huku akicheka.

Binti huyo hakusema tu. Aliwapeleka wazazi wake ofisi ya uhamiaji, akawasaidia kujaza fomu, akapanga foleni nao. Hati zao za kusafiria zikatoka. Kilichobaki kilikuwa kuchagua nchi, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Kila siku alasiri mdogo wa huyo mwoka mikate alikuja kunywa chai. Alikuwa fundi redio, na hakukosa la kusema.

"Nchi ya ziwa? Wale wanajidai, shemeji. Ukiwasalimu, wanakuangalia viatu kwanza."

"Na nchi ya tambarare?" Mama Povu aliuliza.

"Joto! Halafu wezi watupu. Mtarudi na soksi tu."

"Wewe ulifika huko lini, shemeji?"

"Kufika kwa nini? Redio zote za mtaa huu zinapita mikononi mwangu. Nasikia kila kitu."

Naye mwoka mikate alikuwa na lake. "Popote, lakini si kwenye milima," alisema. "Watu wa kule hawana utu. Nawajua." Akishasema hivyo, alinyanyuka akaenda kuosha kikombe chake, ingawa bado kilikuwa na chai.

Mama Povu hakumbana. Alirudi kwenye mabeseni yake akasugua mashuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Siku zikawa zinakwenda. Leo nchi hii, kesho nchi ile, na wiki mbili zikapita hivyo hivyo.

Tarehe kumi na nane alasiri, ndugu hao wawili wakinywa chai uani, jirani yao alileta ovaroli zake zifuliwe. Alikuwa mwanamke anayeendesha lori la mizigo, na watu wote walimwita Dada Gia. Alizikunja ovaroli vizuri, zenye mafuta peke yake, ili kumpunguzia dobi kazi.

"Dada Gia, wewe umezunguka," Mama Povu alimwambia. "Hebu tusaidie. Nchi gani kati ya hizi tatu ni nzuri?"

"Nzuri kwa nani, mama? Mtu wa samaki nitampeleka ziwani. Anayependa kuona wanyama, tambarare. Wewe unataka nini?"

"Maji ya moto."

"Basi jibu unalo. Ni milimani."

"Wezi je? Watu wenye kiburi je?" fundi redio aliingilia.

"Kaka yangu, nchi zote hizo nimepewa maji ya kunywa na watu nisiowajua. Mara moja nimeibiwa. Waliniibia betri ya lori."

"Si nilisema! Wapi, tambarare?"

"Hapa hapa kwetu. Nyuma ya kituo cha mafuta."

Mama Povu alicheka mpaka akashika mbavu. Dada Gia naye alicheka, kisha akasema taratibu, "Mtu akikwambia nchi fulani ni mbaya, muulize kama amefika, na lini, na aliona nini kwa macho yake. Wengi wanasimulia walichosimuliwa."

Fundi redio akaangalia ndani ya kikombe chake.

"Mimi nimefika," mwoka mikate alisema ghafla. "Milimani. Miaka thelathini iliyopita. Walinifukuza mpakani kama mbwa."

Mama Povu aliacha kufua. Hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Pole, mzee," Dada Gia alisema. "Walikufukuza kwa maneno gani?"

"Walisema nirudi nyumbani."

"Ulikuwa na hati ya kusafiria?"

"Nilikuwa nayo."

"Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano?"

Mzee alijikuna kidevu. "Hiyo ndiyo waliyoitaka. Sikuwa nayo."

"Basi sheria ndiyo iliyokurudisha. Hata sisi hapa tungemrudisha mtu wao."

"Lakini nilikaa pale kutwa nzima nikingoja basi la kurudi! Hakuna aliyenijali. Yule askari wa zamu tu ndiye aliyenikatia nusu ya mkate wake. Tena mkate wenyewe mkavu, haukuumuka."

"Ngoja kwanza, mume wangu," Mama Povu alisema. Alikuwa anapangusa mikono kwenye kanga. "Mtu alikugawia chakula chake cha kazini, na wewe miaka thelathini unausema vibaya mkate wake?"

Mwoka mikate alitaka kujibu, lakini kicheko kilimtangulia. Alicheka huku akifuta macho. "Ulikuwa mbaya kweli, mke wangu," alisema. "Lakini nilikuwa na njaa. Nilikula mpaka makombo. Wala sikumshukuru, nilikuwa nimekasirika."

Dada Gia hakucheka. "Je, safari hii mmechanja?"

Waliangaliana. Hakuna aliyechanja.

"Msifanye mchezo," Dada Gia alisema. "Kadi haianzi kutumika siku ile ile unayochanjwa. Inaanza baada ya siku kumi. Leo tarehe kumi na nane. Mkichanja kesho, tarehe ishirini na tisa mko huru. Na basi la mwisho la milimani mwezi huu?"

"Tarehe thelathini," Mama Povu alisema.

"Basi ni kesho. Mkichelewa siku mbili tu, tiketi zimekufa. Kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo mtu aulize mapema kituo cha afya na ofisi ya uhamiaji, si kijiweni."

Mama Povu alimgeukia mumewe. "Baba, tutakwenda?"

Mzee alimtazama mikono. Mikunjo ya vidole vyake ilikuwa myeupe kwa sabuni. "Kesho asubuhi na mapema," alisema. "Mimi mwenyewe nitakuamsha."

Asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Muuguzi aliwauliza umri, magonjwa waliyonayo na dawa wanazotumia.

"Aliyefikisha miaka sitini tunampeleka kwa daktari kwanza," alieleza. "Ninyi bado. Na chanjo hii hutengenezwa kwa mayai. Mayai yanawadhuru?"

"Mwanangu, mimi nimevunja mayai maisha yangu yote," mzee alijibu.

"Kuvunja si kula, baba."

"Nakula pia. Hayajawahi kunidhuru."

Muuguzi akacheka, akawachanja, akawaandikia kadi za manjano. "Zitunzeni," alisema. "Chanjo hii ni ya maisha."

Tarehe thelathini walipanda basi. Mpakani, ofisa alifungua hati, akasoma tarehe kwenye kadi, akagonga mhuri. "Karibuni sana," alisema. Mzee alisimama kidogo mbele ya dirisha.

"Asanteni kwa mkate," alisema.

Ofisa hakuelewa, lakini alitabasamu.

Siku iliyofuata, Mama Povu aliteremka polepole kwenye bwawa la maji ya moto. Mvuke ulimgusa uso. Aliketi, maji yakamfika mabegani. Mikono yake, kwa mazoea, ilianza kutafuta kitu cha kusugua. Aliicheka, akaiacha ielee.

Kando yake alikaa mwanamke wa kule, mama wa makamo. Alimsogezea jiwe laini la kuegemea.

"Umetoka ng'ambo ya mpaka, dada?" mwanamke aliuliza. "Natamani siku moja nije kwenu. Lakini wananitisha. Wanasema watu wa kwenu wakali, na wezi hawaishi."

Mama Povu alimtazama, akaangua kicheko.

"Wanaosema wamefika?"

Mwanamke alifikiri. "Hapana. Hata mmoja."

"Basi njoo uone mwenyewe. Ukifika uliza dobi anayeitwa Povu. Nitakutandikia mashuka safi kuliko ya hoteli." Kisha akamsogelea, akamshika mkono ndani ya maji. "Ila kachanje mapema. Siku kumi kabla. Usingoje kama sisi."