Simu ya Alhamisi

Kila Jumatano, nyumba ya Mardhiya huko Harrow, ughaibuni, ilinukia iliki. Mardhiya alioka mkate wa kumimina na kuwauzia watu wenye shughuli kama harusi. Mumewe, Abdulsamad, alikaa kando ya jiko akikunja maboksi. Harufu ile ilimrudisha Wete, Pemba, kwenye jiko la marehemu mama yake. Siku hizi alikuwa na nafasi nyingi ya kurudi huko kwa mawazo. Ghala alilofanyia kazi miaka tisa lilikuwa limefungwa, na mwezi wa tatu tangu hapo ulikuwa unakwisha.

Hakumwambia mtu ila mkewe. Ndugu zake walipopiga simu kutoka Pemba kuuliza habari za kazi, alijibu, "Alhamdulillahi." Ndivyo alivyolelewa. Shida ya nyumba haitolewi mlangoni.

Kisha ikaja barua ya ofisi ya takwimu ya taifa. Nyumba yao ilikuwa moja ya nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Alhamisi wangepigiwa simu na kuulizwa habari za kazi. Abdulsamad alikuwa ameshapanga majibu: yeye yupo ghalani, mkewe amekaa tu nyumbani.

Jumatano jioni jirani yao Varsha alikuja kuchukua mkate wake. Varsha alizaliwa Mombasa, na kabla ya kustaafu alizunguka milango ya watu miaka mingi akiuliza maswali kama hayo. Aliiona barua mezani, akauliza kama wamejiandaa. Abdulsamad alimweleza majibu yake huku akiangalia boksi.

"Ghala limefungwa karibu miezi mitatu sasa, dada Varsha," Mardhiya alisema polepole.

Varsha aliweka mkate chini. "Miezi yote hii? Tunatumia ukuta mmoja, kaka, na sikujua."

Abdulsamad alimaliza kukunja boksi. Halafu akaeleza kwamba kwao Wete mtu hakuhitaji kusema. Baba yake alipokosa kazi, kabla ya magharibi sahani ilikuwa imeshaletwa na jirani, imefunikwa kawa, na hakuna aliyeuliza neno.

"Hapa sahani haiji," Varsha alisema. "Hapa linakuja swali. Nyumba yako inasimama badala ya mamia ya nyumba nyingine. Ukisema uko kazini, watu wengi kama wewe hawataonekana. Nani atapanga mafunzo au kazi kwa watu wasioonekana?"

"Na jina langu?"

"Jina halitangazwi. Inatoka hesabu tu."

Akamweleza jinsi wanavyopima. Asiye na ajira ni yule asiye na kazi ya malipo, aliyetafuta kazi katika wiki nne zilizopita, na anayeweza kuanza ndani ya wiki mbili. Abdulsamad alikuwa amepeleka maombi sita mwezi ule.

"Basi ni wewe," Varsha alisema. "Lakini Mardhiya hahesabiwi kuwa amekaa tu. Hata saa moja ya kazi ya malipo kwa wiki ni kazi."

Mardhiya alicheka hadi akashika meza. "Kumbe mfanyakazi wa nyumba hii ni mimi! Basi nataka likizo."

Abdulsamad naye akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Alhamisi alijibu kweli. Alisema wazi kwamba hana kazi. Baada ya kulisema neno hilo kwa mgeni, kulisema kwa watu wake hakukuwa kuzito tena. Ijumaa aliwaambia wenzake msikitini. Mmoja wao, Ziyad, alijua duka la mikate lililokuwa likitafuta mtu wa kazi ya alfajiri. Abdulsamad aliomba kazi hiyo, akaipata.

Baada ya miezi mitatu simu ililia tena, maana nyumba ile ile huulizwa zaidi ya mara moja. Mhoji aliuliza kama wiki iliyopita alifanya kazi ya malipo, hata kwa saa moja.

Abdulsamad alimtazama mkewe jikoni, mikono yake imejaa unga wa mchele.

"Nilifanya," alisema. "Na mke wangu pia. Yeye alinitangulia."