Nyuso Zilizokataa Kufutika

Sura ya Lestari ndiyo iliyotoweka kwanza. Wening alikuwa ameiweka mwenyewe kwenye tovuti asubuhi ile. Aliporudi kutoka kula, jina lilikuwepo, lakini penye sura palibaki doa jeusi, kama la nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Alidhani amekosea. Chama cha washonaji wa Semarang, Indonesia, kilikuwa kimemwomba atengeneze tovuti ya kuadhimisha mwaka wa kumi tangu kiwanda cha mashati kiungue na wasichana waliofungiwa ndani, Lestari akiwa mmoja wao. Alichagua njia nyepesi: kurasa zilizokamilika, zinazofunguka upesi hata kwenye simu duni, zinazoweza kukaa miaka bila mtu wa kuzihudumia. Kurasa za namna hiyo hazijibadilishi.

Akairudisha picha. Ikatoweka tena, safari hii pamoja na picha iliyokuwa kando yake. Kisha ikaja harufu ya pamba iliyoungua ikamwagiwa maji, ikipumuliwa na kompyuta yenyewe.

Mama yake Lestari, Mama Sarpini, alipoambiwa hakushangaa. Alimweleza kwa sauti ya chini jambo ambalo washonaji walilijua siku zote: mwenye kiwanda alifanya agano na jini, utajiri kwa roho za watu, na jini aliyelishwa huilinda siri ya bwana wake. Wakaenda kwa mganga mmoja katika mji jirani wa Demak. Alisomea maji, akawasihi waache, kwa kuwa mabinti wale walishatolewa, ni mali ya jini.

"Mali yake?" Mama Sarpini akauliza. "Mimi sikumpa."

Wakarudi ofisini kwa Wening alasiri, mvua ikipiga mabati. Wening alipoigusa picha ya Lestari taa zilififia, harufu ikapanda hadi ikamkaa kooni, ukuta wa nyuma yake ukaanza kutoa joto kama mgongo wa mtu mwenye homa, na kutoka ndani ya kompyuta, taratibu, kwa sauti changa iliyojaa machozi, mtu akasema:

"Mama, nifute. Bado naungua."

Wening akaondoa mkono. Mama Sarpini alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka.

"Mwanangu aliniita Mak, si Mama," alimwambia jini. "Umemla, na hata kusema kwake hukujifunza. Wening, endelea."

Hapo Wening akakumbuka wepesi wa kazi yake: tovuti nzima iliweza kuingia ndani ya simu na kufunguka bila mtandao. Akawaita washonaji. Walikuja wamelowa, kila mmoja akachukua nakala na kumpa mwenzake. Jini akifuta kwa huyu, kwa yule sura imerudi, mpaka simu zikawa nyingi kuliko hasira yake.

"Nitakula wapi?" kompyuta ikanong'ona.

"Kwa aliyekualika," akajibu Mama Sarpini.

Joto likaondoka ukutani.

Siku ya maadhimisho walisimama mbele ya kiwanda, simu juu. Saa sita ikafika habari kwamba mwenye kiwanda na familia yake wameikimbia nyumba yao, wameacha milango wazi, na hakuna kati yao aliyetaka kusema wameona nini. Wengine walitaka kwenda kutazama.

Mama Sarpini hakugeuka. Alimsimamisha mpita njia, akamwonyesha simu.

"Huyu ni wangu," akasema. "Mtazame vizuri."