Beseni la Maji Safi

Jumatatu, saa saba kasorobo mchana, sahani zilirudi jikoni zimejaa kama zilivyotoka. Wali haukuguswa, maharage yameganda pembeni, na mayai yaliyokatwa nusu nusu yalikuwa yakimkodolea macho mpishi. Watoto wote wa kituo walimwita Mama Sufuria. Aliinua sahani moja, akainusa, akairudisha mezani.

"Mwalimu, njoo uone mwenyewe. Leo tena."

Mwalimu mkuu alikuja akipapasa mifukoni kutafuta miwani, na miwani inaning'inia kifuani pake. Kituo hicho cha kulelea watoto kilikuwa chake: jiko, chumba cha kuchezea, chumba cha kulala, na nyuma uwanja wa udongo mwekundu. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita watoto walikuwa hawali, na wazazi walishaanza kunung'unika. Mwenyekiti wao angekuja Ijumaa kuonja chakula. Akikunja uso, Mama Sufuria angefungasha virago, yeye aliyepika hapo tangu mlango ufunguliwe.

Mwalimu mkuu alichota kijiko kimoja, kisha cha pili.

"Chakula hiki hakina kosa," alisema. "Kuna mtu anawashibisha kabla. Nitamjua."

Alianzia langoni. Mlinzi, Babu Lango, alikuwa kwenye kiti chake akimenya njugu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Njugu hizo unakula na nani?"

"Na meno yangu manne. Ningekuwa na la tano, ningekaribisha mgeni."

"Na mpira mwekundu wa watoto? Hauonekani tangu Jumanne, na lango letu ni moja."

Mzee aliacha kumenya. "Mpira ule ni mkubwa kama boga. Ungepita hapa ningeuona. Tafuteni ndani."

Mwalimu mkuu alirudi taratibu. Mpira ulipotea Jumanne. Sahani nazo zilianza kurudi zimejaa Jumanne hiyo hiyo. Mbona hakuwahi kuliona hilo?

Katika chumba cha kuchezea alimkuta mlezi wa michezo, Shangazi Kipenga, mwanamke mwenye sauti kama tarumbeta na kipenga chake shingoni. Alikuwa amemsimamisha mtoto juu ya benchi, anamfunga kamba za viatu.

"Shangazi, bila mpira mnachezaje?"

"Tunakimbizana tu, Mwalimu. Saa nne mpaka saa tano, mpaka wanahema."

"Wanahema, halafu hawali?"

"Labda ni chakula. Mimi sipiki." Alisema hivyo macho yakiwa kwenye kamba.

Mwalimu mkuu hakuwahi kuwaona wakikimbia. Saa hizo yeye huwa ofisini, upande wa barabarani, ambako hata paa la nyuma likianguka hasikii.

Kesho yake, Jumanne, saa tano na nusu alipita mlango wa nyuma. Hapo ndipo watoto hunawa miguu kwenye beseni la bluu wakitoka uwanjani. Zamani maji yale yalikuwa mekundu, mazito, ungeweza kufinyangia chungu. Siku hiyo walikuwa wamekwisha kunawa wote, na bado maji yalikuwa safi hata akauona mkwaruzo ulio kitakoni mwa beseni.

Mchana alipita chumba cha kulala. Kifungo, mtoto aliyepewa jina hilo kwa kung'oa vifungo vya shati lake, alikuwa amekaa mkekani amenuna.

"Hulali, mjukuu wangu?"

"Mto wangu wa kulalia unatoroka. Nikiweka kichwa, unakimbia."

"Nani kakupa?"

"Nimeuchukua kabatini, chini kabisa. Nilipenda unene wake."

Mwalimu mkuu aliubonyeza mto kwa kidole. Akauchukua, akampa mwingine.

Jumatano saa nne alimwacha Shangazi Kipenga ofisini apokee simu, akawatoa watoto uwanjani mwenyewe. Waliruka, wakakimbizana, wakamwangusha mara mbili. Waliponawa miguu, maji yaligeuka tope. Na chakula kilipoletwa, zikasikika sauti za vijiko tu.

Watoto walipolala, aliwaita watu wazima watatu mezani. Akauweka mto, akauvua foronya. Mpira mwekundu ukachomoza.

"Mpishi ni yuleyule, maharage ni yaleyale, na leo sahani zimerambwa," alisema. "Mtoto asiyekimbia hana njaa, basi. Maji yalikuwa safi kwa sababu hakuna mguu uliogusa udongo. Na wewe, Shangazi, tangu nikujue hupiga goti ukimfunga mtoto kamba. Siku hizi wanapanda benchi. Hebu tulione hilo goti."

Shangazi Kipenga alipandisha sketi kidogo. Goti lilikuwa limeumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Niliukanyaga mpira huo huo Jumanne ile ya wiki iliyopita, nikaanguka," alisema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, ndogo kabisa. "Kazi yangu ni kukimbia. Nisipokimbia mtaniweka wa nini? Nikauficha, nikawakalisha na hadithi. Nikasema kesho litapona. Kesho ikazaa kesho."

"Na mimi?" aliuliza Mama Sufuria. "Ulinisikia nikilia stoo."

"Nilikusikia, dada. Nikapandisha sauti ya hadithi."

Babu Lango aliangalia njugu zake.

"Leo hii unakwenda kwa daktari," alisema mwalimu mkuu. "Na Ijumaa utamweleza mwenyekiti kwa kinywa chako."

Mama Sufuria aliuchukua mpira, akaufuta kwa aproni yake.

"Maharage yakishatokota hayanihitaji," alisema. "Mpaka goti lipone, nitakimbia mimi, yeye akae kitini apulize kipenga. Lakini vitunguu vyangu vyote atavimenya yeye, mpaka alie kama nilivyolia."

Ijumaa mwenyekiti alifika saa saba juu ya alama, na tai yake. Shangazi Kipenga alimweleza yote, macho mekundu kwa vitunguu. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Nimeelewa. Lakini nimetumwa kuonja, na lazima nionje."

Mama Sufuria, udongo mwekundu mpaka magotini, aliinamisha sufuria kumwonyesha. Ndani iling'aa, imekwanguliwa mpaka ukoko.

"Umechelewa, baba. Kifungo ameongezewa mara tatu."