Minyororo ya Fyekeo la Mama

Kiguu aliamka, akatandika kitanda, akachota maji, akafagia ua mpaka langoni. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa kiguu na njia, mtoto asiyekaa mahali pamoja. Lakini siku hizi alikuwa haendi popote. Alikunywa chai na hakujua kama ilikuwa na sukari. Mama alipomuuliza kama amelala vizuri, alijibu "ndiyo" kwa sauti ile ile anayoitikia jina lake likiitwa darasani.

Uani, chini ya mnara wa tangi la maji, ilining'inia bembea. Alifagia kuizunguka bila kuigusa.

Mama yake alikuwa dereva wa trekta, na mtaani walimwita Bi Gia, kwa heshima na kwa utani pia. Nyuma ya trekta hilo hufungwa fyekeo, mashine pana ya chuma yenye visu vinavyozunguka chini yake na kulaza nyasi za uwanja mzima kabla chai yako haijapoa. Visu hivyo havichagui. Vikikuta jani hulikata, vikikuta jiwe hulirusha. Ndiyo maana ukingoni mwa mashine hufungwa safu ya vipande vya mnyororo mzito vinavyoning'inia kama pazia, ili jiwe likirushwa ligonge hapo na kuanguka.

Wakati wa mvua, nyasi mbichi zilikuwa zikijisokota kwenye pazia hilo. Kila mara mama alilazimika kuzima injini, ashuke, azinyofoe kwa mikono, huku akitoa maneno ambayo Kiguu haruhusiwi kuyasema. Mwishowe akachoka. Alivifungua vipande vyote, akavileta nyumbani, akaviunga ncha kwa ncha kwa bolti, na bembea ikapatikana. Mvua zilipokatika alisema anairudisha minyororo kazini. Kiguu akamng'ang'ania.

"Mama, bado kidogo! Wiki hii tu!"

Mama akacheka, akaiacha.

Katika wiki hiyo hiyo, trekta lilikuwa likifyeka uwanja wa shule, na Kiguu na Kasuku walikuwa wakiruka kamba upande wa pili wa uzio. Kasuku alikuwa mwenzake wa dawati moja, msichana ambaye mdomo wake haukujua likizo. Jiwe lilimkatisha katikati ya maneno. Kiguu hakuliona. Aliona tu kamba imeanguka, na Kasuku ameketi chini, ameshika jicho.

Tangu hapo Kiguu alikuwa amekufa ganzi. Wanafunzi wenzake walilia, mwalimu wao alilia, yeye hakutoa hata chozi. Wengine walinong'ona kwamba ana roho ngumu. Aliwasikia, na hilo nalo halikumwuma.

Siku chache baadaye alimpelekea mama chakula cha mchana karakana, mahali trekta linapolala. Alimkuta msimamizi wa kazi akimuuliza mama kwa nini fyekeo halina minyororo.

"Ililegea, bosi, ikadondoka porini kipande kimoja kimoja," mama alijibu.

"Basi tutaagiza mingine. Lakini kesho lazima ufyeke nyuma ya madarasa. Wazazi wanakuja kwenye mkutano, na nyasi zimefika kiunoni."

Msimamizi alipoondoka, Kiguu alisema, "Mama, si ndiyo ile ya bembea?"

Mama hakugeuka. "Nyamaza, mwanangu. Nikisema niliifungua mwenyewe, nimemwaga unga. Tutakula nini? Kesho nitakwenda taratibu. Watoto watakuwa ndani."

Akirudi, Kiguu alipitia kwa kina Kasuku. "Shikamoo, mama," alimwamkia mama yake Kasuku, akaitikiwa kwa sauti ya chini. Kasuku alikuwa kitandani, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Daktari amesema jicho litabaki," alisema, "ila halitaona tena."

Kiguu alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Trekta litarudi lini?" Kasuku aliuliza.

"Kesho. Nyuma ya madarasa."

Kasuku akamshika mkono. Kisha akasema, "Waambie wasikae dirishani. Mdogo wangu wa darasa la kwanza anapenda kuchungulia trekta. Mwambie asichungulie."

"Nitamwambia."

Aliposema hivyo alijua kwamba haitoshi. Nani amewahi kumwambia mtoto wa darasa la kwanza asichungulie trekta, naye akasikia?

Alifika nyumbani, akachukua spana kwenye sanduku la mama, akapanda juu ya kreti na kuishusha bembea. Bolti zilikuwa zimeanza kushika kutu. Vidole vilimchubuka, akaiona damu, lakini maumivu hakuyasikia. Mama aliporudi alisimama langoni.

"Unafanya nini?"

"Nafungua."

Mama akapita kando yake, akaingia ndani. Kiguu alivipakia vipande vyote kwenye toroli.

Asubuhi alilisukuma hadi karakana. Mama alikuwa ameshapanda kwenye trekta, injini inanguruma. Msimamizi na fundi wa kuchomelea walisimama mlangoni. Kiguu aliliweka toroli mbele yao, msimamizi akatoa macho.

"Umeipata wapi hii?"

Kiguu hakuwa amepanga jibu. Akisema kweli, amemtia mama yake matatani. Akisema uongo, hajui hata aanzie wapi. Alitazama viatu vyake. Injini ikazimika.

"Kwangu," mama alisema, huku akishuka. "Haikudondoka. Niliifungua mwenyewe, nikamfungia mwanangu bembea. Jana nilikudanganya, bosi."

Fundi alijifanya anatafuta spana, nayo alikuwa ameishika mkononi.

"Nipe ufunguo," msimamizi alisema hatimaye. "Huendeshi tena mpaka uongozi uamue. Kwa sasa utafanya kazi humu ndani." Akajifuta uso. "Na mimi nina langu la kuwaambia. Niliyaona zamani yale matundu matupu ya kufungia minyororo, nikafumba macho kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda."

Walianza hapo hapo. Fundi aliliinua fyekeo, akaliwekea magogo chini ili lisimwangukie mtu. Ufunguo ulibaki mfukoni mwa msimamizi, mtu asije akawasha injini kwa bahati mbaya. Kiguu alichorewa mstari wa kutovuka. Kutoka hapo alipitisha vipande, na mama alikaza nati. Shafti inayotoa nguvu kwenye trekta na kuzungusha visu nayo ilikuwa wazi, kifuniko chake kimepasuka.

"Hii ikikamata nguo haiachii," fundi alisema, akafunga kifuniko kipya.

Kisha alichukua ufunguo, akalipeleka trekta kwenye nyasi zilizo nyuma ya karakana, penye kokoto tele, na wengine wote wakajificha nyuma ya ukuta. Visu vilianza kuzunguka. Mawe yakagonga minyororo, ko, ko-ko, ko, na kuanguka pale pale.

Kiguu alisikia kila moja. Lolote kati ya hayo lingeweza kuwa lile la Kasuku. Machozi yote ambayo hakuyatoa yakamjia kwa mkupuo, mpaka akakaa chini. Mama akakaa naye vumbini.

"Ni mimi niliyesema wiki hii tu," Kiguu alisema kwa kwikwi.

"Wewe uliomba, na kuomba ni kazi ya watoto. Aliyejua minyororo ile ni ya nini ni mimi." Mama alimfuta uso kwa mkono wenye grisi. "Sikiliza, mwanangu. Kinga ikikuchelewesha kazini, ikubali ikucheleweshe. Ukiiondoa, anayeumia huenda asiwe wewe. Huenda akawa mtu anayejirukia kamba yake. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mimi nilinyamaza, na kwa kunyamaza kwangu leo ningemuumiza mtoto mwingine."

Akasimama, akajipangusa. "Sasa twende kwa mama yake Kasuku. Yeye bado hajui."

Walikwenda kwa miguu. Mama alisema yote akiwa mlangoni, wala hakujitetea. Mama yake Kasuku alimsikiliza hadi mwisho, na hakusema kwamba haidhuru.

"Jicho si langu," alisema. "Ingia, umwambie mwenyewe."

Mama alivua viatu, akaingia.