Uzi wa Siku Sitini

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama alimeza kidonge kimoja cheupe kwa maji matupu. Kisha aliuendea uzi mwekundu uliotundikwa kwenye msumari juu ya cherehani, akafungua fundo moja kwa ncha ya sindano. Hapo ndipo siku ilipoanza katika nyumba ile ya watu wawili.

Mama alikuwa fundi wa nguo, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Vipimo vya wateja alivihifadhi kwa nyuzi: fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu urefu wa gauni. Hakukosea. Wateja walitania kwamba hata wakinenepa kwa siri, uzi wa fundi utawaumbua. Muuguzi wa hospitali kubwa ya mjini alipomwambia arudi baada ya siku sitini na kumpa vidonge sitini, Mama alifunga mafundo sitini, basi.

Binti yake alikuwa darasa la tano. Watu walimwita Sindano kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Sindano aliuchukia uzi ule kupita kiasi.

Mwaka uliopita Mama alitokwa na uvimbe shingoni. Zahanati ya kijijini haikuwa na mashine ya kuutazama kwa ndani, ukakaa miezi minane ukidhaniwa ni uvimbe wa kawaida. Mjini waliutambua mara moja: saratani ya tezi ya shingo. Mama aliaga kwamba anakwenda wiki mbili. Alikaa miezi minne. Alipasuliwa, akasubiri foleni ya dawa ya mionzi, na alipokwisha kuimeza akakatazwa kwa muda kukaa karibu na watoto. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mkazi wa mjini, alipimwa asubuhi na mchana akawa dukani kwake. Mama, ambaye kwao ni safari ya siku mbili, alilala kwenye jamvi la ndugu wa mbali, akisubiri.

Miezi hiyo Sindano alikaa kwa shangazi yake. Shangazi hakuwa mbaya, ila alisuka nywele kama anayefunga mzigo wa kuni. Sindano alimkumbuka Mama mno. Baada ya shule alipita nyumbani, akaketi penye cherehani na kukanyaga kanyagio bila kitambaa, ili tu ausikie ule mlio.

Ndiyo maana siku moja, Mama alipokwenda kumpelekea mteja gauni, Sindano alipanda kwenye kigoda akafunga mafundo matatu. “Akae siku tatu zaidi tu,” alijisemea. Wiki iliyofuata aliongeza matano. Baadaye akaongeza kumi kwa mpigo.

Asubuhi moja Mama alimwaga vidonge kiganjani, akavihesabu mara mbili, kisha akauhesabu uzi.

“Sindano, hebu njoo. Vidonge kumi, mafundo ishirini na nane. Au nilikuwa nameza viwili kwa kupitiwa?”

Sindano aliinamia mkoba wake wa shule. “Labda walikosea kukuhesabia, Mama.”

Mama alifikiri kidogo, akacheka. “Haya. Mara ngapi nimeletewa kitambaa pungufu na gauni likatoka?” Alichukua wembe wa kufumulia nyuzi, akakata kila kidonge katikati. “Nusu ishirini. Hizo siku nane za mwisho nitavumilia.”

Kufikia wiki ya tatu, Mama alivaa sweta jua likiwa utosini. Uso ulimvimba, sauti ikawa nzito, akawa anasinzia juu ya cherehani. Alishona mfuko wa shati mgongoni. Mteja alicheka sana, kisha akamtazama Mama vizuri na kicheko kikamkauka.

Siku hiyo Sindano hakusikia hata neno moja darasani. Mapumziko yalipofika alikimbia hadi zahanati, kwa muuguzi ambaye watoto walimwita Dada Miwani.

“Dada, mama yangu anaumwa, na ni kwa sababu yangu. Nimeongeza mafundo.”

“Mafundo gani tena, mwanangu? Pumua kwanza.”

Sindano alieleza yote, kamasi na machozi vikichanganyika. Dada Miwani hakumkatiza. Mtoto alipomaliza, alimshika mkono wakaenda nyumbani, na pale mlangoni akamwambia, “Mwambie mwenyewe.”

Sindano alisema. Mama aliushusha uzi kutoka kwenye msumari.

“Mangapi?”

“Kumi na nane.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Ulisema wiki mbili, Mama.”

Mama alimvuta karibu yake.

Dada Miwani aliketi. “Mama, kidonge kile kinafanya kazi ya tezi waliyokutoa, tena kinasaidia kuizuia saratani isirudi. Nusu haitoshi. Na hapa zahanati dawa hiyo hatunayo.” Alipiga simu hospitali, akaongea kirefu, akibishana kidogo. Alipoikata simu alikuwa akitabasamu. “Kesho unasafiri. Daktari anataka akuone mwenyewe. Ila dawa ikishakaa sawa, damu nitaichukua mimi hapa, iende mjini na gari la chanjo, na vidonge virudi nalo. Safari itakuwa moja kwa mwaka.”

“Kumbe inawezekana?” Mama alishangaa.

“Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na mimi nami sikuwahi kufikiria, nisisingizie watu.” Alimgeukia Sindano. “Kutaka kuwa na mama yako si kosa hata kidogo. Kosa ni kuificha hamu hiyo ndani ya uongo. Ungeniambia tu kwamba huwezi kukaa bila yeye, ningepiga simu hii siku ile ile. Kinachokuuma, kiseme kwa mtu mzima unayemwamini.”

Kesho yake asubuhi walisimama kituoni, Mama na kifurushi chake, shangazi pembeni.

“Safari hii siahidi wiki mbili,” Mama alisema. “Daktari akinitajia siku, nitakupigia nikutajie hizo hizo, hata kama ni nyingi.”

“Mama, sitaki uende.”

“Najua.”

“Lakini nenda.”

Mama angerudi baada ya siku kumi na tisa, uso umepungua na mdomo umejaa utani, lakini asubuhi ile hakuna aliyelijua hilo. Basi liliondoka. Sindano alilia kwa sauti pale pale kituoni, mbele ya watu wote, na shangazi yake alipomuuliza ana nini, alimjibu, “Namtaka mama yangu.”