Dada Aliyepokea Simu

“Mzibie kushoto, Layla. Kulia mwachie tu, haendi.”

Theodosia aliisikia sauti hiyo akiwa anadunda mpira katikati ya uwanja wa Gitega, robo ya tatu, timu yake ikiongoza. Akageuza kichwa. Msichana wa Muyinga aliyekuwa mbele yake, mwembamba, kitambaa cheusi kimebana nywele, akauchomoa mpira kama anayechukua kitu chake, akakimbia nao peke yake akafunga.

Theodosia hakumfuata. Alikuwa amegeukia benchi la Muyinga. Walikuwa wameambiwa Muyinga wana kocha mpya, lakini hakuna aliyetaja jina. Sasa alimwona: mwanaume mrefu, ndevu zimeanza mvi, amesimama mikono nyuma. Ni mwalimu mmoja tu duniani aliyejua kwa nini Theodosia haendi kulia.

Elias.

Utotoni Theodosia aliwahi kuvunjika mkono wa kulia, ukaunga vibaya. Hiyo ilikuwa kambi ya wakimbizi ya Lukole, upande wa Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia wakitokea Giheta, Burundi, yeye akiwa mtoto mdogo. Wasichana wengine walimwambia mwenye mkono kama ule hawezi mpira wa kikapu. Elias, aliyemzidi miaka mitatu, akamwambia auache huo mkono upumzike, wajaribu wa pili. Jioni baada ya kuchota maji walikutana kwenye kiwanja cha udongo mwekundu, kikapu chenyewe ni pete ya pipa iliyofungwa kwenye gogo. Elias alikuwa akimwambia, “Mpira usiuangalie. Niangalie mimi.” Theodosia akamwangalia kweli, mpaka mama yake akaanza kuuliza huo mpira unaisha saa ngapi.

Amani ilipotengemaa, misafara ya kurudi ikaanza. Waliopitia mpakani Kobero waliingia kwanza Muyinga. Familia ya Elias ilikuwa inashukia hapo. Ya Theodosia inaendelea Gitega, mpaka Giheta. Walisimama pembeni ya basi, magodoro na kuku juu ya paa. Elias akasema akishavuna maharage ya kwanza atakwenda Giheta kujitambulisha. Theodosia akasema atamkuta.

Hakumkuta. Kabla maharage hayajaiva, kocha wa klabu moja ya Bujumbura alikuja kutazama mechi za shule Gitega, akamwona yule msichana wa mkono wa kushoto, akaenda kuongea na wazazi wake. Juma lililofuata Theodosia alikuwa Bujumbura, kwenye nyumba ya klabu, analala godoro moja na Jeska, msichana wa Buraza mrefu kuliko mlango, mwenye sauti nzito ya kiume iliyowafanya watu kwenye simu wamwite bwana.

Simu yenyewe ilikuwa ya Jeska, na chumba kizima waliitumia hiyo.

Siku moja mama yake Theodosia alituma habari kwamba Elias amefika Giheta, amekaa, amekula, amepewa namba ya simu hiyo. Theodosia akasubiri. Kila akirudi mazoezini alimuuliza Jeska kama kuna mtu amepiga, na Jeska akamjibu hapana. Mwezi ukapita, kisha msimu. Usiku alilia, na Jeska akamfuta machozi kwa kanga yake, akamwambia wanaume wote wako vile.

Basi akacheza. Alicheza kama mtu anayefukuzwa. Klabu ikachukua ubingwa, akaitwa timu ya taifa, kisha Kigali wakamsajili. Siku ya kwanza huko alivua viatu mlangoni, kwa sababu sakafu ya mbao ilikuwa inang'aa na hakutaka kuichafua. Wenzake wakacheka, na yeye akacheka nao. Akacheza Dar es Salaam, akarudi Kigali. Mashabiki walimwita Gauche, yaani kushoto, kwa ule mkono. Alijenga nyumba ya wazazi Giheta. Alichumbiwa mara moja, na mchumba akataka aache mpira, yeye akarudisha pete. Goti lilipoanza kumsumbua, akarudi Gitega kumalizia nyumbani. Jeska, ambaye alikuwa ameacha mpira zamani na kurudi kulima Buraza, alikuja kila Jumapili kumtazama, amebeba mihogo ya kuchemsha.

Jumapili hiyo pia alikuwepo. Gitega walifungwa kwa vikapu viwili.

Baada ya mechi Elias alivuka uwanja. Walisalimiana kwa mkono kama wageni, wakaulizana wazazi. Mama yake Elias yupo. Baba yake Theodosia amefariki. Elias alikuwa ameoa, mke aliitwa Klara, aliugua akafariki, akamwachia binti mmoja, Upendo. Aliyasema hayo taratibu, anaangalia chini.

“Umenifundishia adui,” Theodosia akasema.

“Nimemfundisha kile nilichokuwa nakijua. Sijawahi kujua kingine.”

Theodosia alikuwa amejiapiza kwamba wakikutana hatamuuliza. Akajikuta ameuliza.

“Ulifika mpaka Giheta. Mama akakupa namba. Ulishindwa nini kupiga?”

Elias akamtazama kama ambaye hajasikia vizuri.

“Nilipiga, Dosi. Nilipiga kwa simu ya Mustafa wa dukani. Dada yako akapokea.”

“Dada gani? Mimi ni mtoto wa kike peke yangu.”

“Alisema yeye ni dada yako. Akasema umeshaposwa na mtu wa mjini, nisikupigie tena, nitakuharibia. Mwanzoni nilimwita bwana. Sauti yake ilikuwa nzito, kama...”

Hakumaliza. Theodosia alikuwa tayari amegeuka. Kwenye ngazi za zege, Jeska alikuwa amesimama na bakuli lake la mihogo. Alikuwa amemtambua Elias, kwa sababu Theodosia alikuwa amemsimulia uso ule mara nyingi. Aliweka bakuli chini, akajitanda kitenge, akashuka kuelekea barabarani. Hakugeuka.

Theodosia hakulala. Asubuhi alipanda gari la Buraza.

Alimkuta Jeska shambani, kwenye maharage, mgongo umepinda. Jeska alimwona akija kutoka mbali, akaacha jembe, akakaa chini kwenye tuta kama mtu aliyekuwa anamsubiri.

“Ni mi,” akasema kabla ya salamu. “Njo mi nilipokea simu.”

“Kwa nini?”

“We uliniambiaka akikuja utaenda naye. Ulisema vile, kwenye godoro. Na kocha alituambia we ukitoka, ekipe ya wanawake inavunjwa. Mi nilikuwa na nini ingine, Dosi? Nilikuwa na ule urefu tu. Ukienda, mi nilikuwa narudi hapa.” Akagusa udongo. “Na tazama, nilirudi tu.”

“Ulikuwa unanifuta machozi.”

“Ego,” Jeska akakubali.

“Unajua nalia nini, na unanifuta.”

“Kila siku nilikuwa nataka kukuambia. Kisha tukashinda kombe, ukaenda Kigali, ukakuwa mtu mukubwa. Nikasema labda ni Mungu alinitumia. Nilijidanganya vile miaka yote.”

Theodosia alikuwa amepanga maneno mengi ndani ya gari, makali. Yote yalimtoka kichwani. Alimwona Jeska wa zamani akiruka chini ya kikapu, viwiko nje, akimlinda yeye dhidi ya wasichana wanene wa timu nyingine. Aliona pia kanga ile na machozi yake. Vyote vilikuwa vya mtu mmoja, na hakujua avigawanye vipi.

“Usije tena Jumapili,” alisema, akaondoka.

Wiki tatu hakuzungumza na Jeska. Alizungumza na Elias. Mwanzoni ilikuwa ujumbe mfupi mmoja kwa siku.

*Goti likoje?*

*Linauma asubuhi. Layla wako anajua kukaba.*

*Jana nimepita njia ya Kobero. Nimekumbuka wale kuku juu ya basi.*

*Mmoja alikuwa wetu. Alitaga njiani.*

Theodosia alicheka peke yake jikoni mpaka mama yake akachungulia kuona kuna nini.

Msimu ulipoisha akaenda Muyinga. Elias alikuwa na karakana ya useremala karibu na soko, na mchana alifundisha wasichana kwenye uwanja wa lami uliopasuka. Mamake Layla, Kadidja, fundi cherehani, ndiye aliyeshona jezi zao zote, na alimkaribisha mgeni kwa chai ya tangawizi akamwambia wasichana wake hawana wimbo mwingine, ni Gauche tu. Upendo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alimtazama Theodosia muda mrefu, kisha akauliza kama ni kweli babake alikuwa anacheza vibaya zamani. Theodosia akasema alikuwa anapiga vizuri na anakaba ovyo. Mtoto akaridhika.

Jioni walikaa kwenye benchi mbele ya karakana, wamezungukwa na harufu ya mbao mbichi. Theodosia akamwambia Kigali wamempigia. Wanamtaka msimu mmoja tu, wa mwisho, awaongoze vijana. Alikuwa amekataa moyoni kabla ya kumweleza, kwa sababu hakutaka kupanda basi tena na kumwacha mtu barabarani.

“Goti litakubali?” Elias akauliza.

“Msimu mmoja litakubali.”

“Basi nenda.”

“Nimesema siendi.”

“Dosi, hata mwaka ule ningekuambia ucheze. Ndiyo maana nilikuja Giheta. Nilitaka kujitambulisha, si kukuondoa. Ningekusubiri huku nikipiga randa.”

Hilo ndilo lililomuuma Theodosia kuliko yote. Jeska aliogopa kitu ambacho hakikuwepo. Wangeweza kuwa na vyote: ekipe, kombe, na mtu huyu aliyekaa hapa. Alilia, safari hii bila kujificha, na Elias akamwacha alie, bega lake limegusa la kwake.

“Na Klara?” akauliza baadaye. “Ulimpenda?”

“Nilimpenda. Sitakudanganya.”

“Usinidanganye.”

“Na wewe nilikukumbuka. Hilo nalo ni kweli.”

Akaenda Kigali. Mechi ya mwisho ya msimu Elias alikaa jukwaani na Upendo, na Layla aliyepewa ruhusa na mama yake. Theodosia alicheza robo mbili tu. Alipotoka, uwanja mzima ulisimama, na yeye akatafuta sura tatu tu kati ya zote.

Posa ilipelekwa Giheta mwezi uliofuata. Ndoa ikapangwa Muyinga, parokiani, wakati wa kiangazi. Siku chache kabla, Theodosia alipanda tena gari la Buraza. Jeska alikuwa anapura maharage uani. Alisimama, urefu wake wote, hajui aweke wapi mikono.

“Nimekuja kukualika,” Theodosia akasema.

“Mi?”

“Nisikilize kwanza. Ya mpira nimekusamehe. Bila wewe nisingefika popote, wangenivunja mbavu. Ya Elias bado. Nimejaribu, haijatoka. Sitaki kukudanganya kwamba imetoka.”

Jeska akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

“Sasa mbona unaniita?”

“Kwa sababu nilipokuwa napanga watu wa siku ile, kila nilipofikiria, wewe ulikuwa umesimama pale. Sikuweza kukutoa.”

Jeska alikuja. Alikaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, na bado kila mtu alimwona. Wakati wa kucheza ngoma wasichana wa timu walimvuta katikati, akacheza na viwiko nje, na Elias akamwendea akampa mkono. Walisemezana kitu kifupi. Theodosia hakuuliza ni nini.

Sasa anafundisha Muyinga pamoja na mumewe. Wanagombana kuhusu mazoezi karibu kila siku, mbele ya wasichana, ambao wamezoea. Jeska hupiga simu Jumapili baada ya misa. Kwa muda mrefu Theodosia aliiacha iite, kisha akaanza kupokea. Huzungumza habari za mvua, maharage, goti. Mwezi uliopita, wakati wanaagana, Theodosia alimwambia kuna msichana mrefu amejiunga, hajui kukaa chini ya kikapu, anasukumwa tu.

“Kama una nafasi,” akasema, “njoo umfundishe.”

Upande wa pili ile sauti nzito ikasema itapanda gari la kwanza.